Fundi, Nisamehe

Wasee, leo sina utani. Niko na deni.

Mwezi jana nilisaidia shule moja Kitui kuweka Raspberry Pi 3 iwe seva ya masomo, ndio wanafunzi waone video bila bando. Fundi kutoka Wote, Makueni, ndiye alivuta kebo. Nikapima spidi: megabiti 100 kwa sekunde. Na mimi nilikuwa nimeahidi mwalimu 1,000!

Nikajua tu ni kebo. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane zilizo ndani. Moja ikikatika, spidi inaweza kushuka hadi 100. Nikamwambia mwalimu asimlipe salio.

Fundi akarudi kwa nauli yake, akachomeka laptop mbili, moja kila upande wa ile kebo. Ikasoma 1,000. Hakunijibu kitu, alinionyesha tu skrini.

Kumbe tundu la ethaneti la Pi 3 lenyewe mwisho wake ni 100. 3B+ ya 2018 inafika kama 300, sababu inapitia USB 2.0. Gigabiti kamili ilikuja na Pi 4, mwaka wa 2019. Hiyo yote imeandikwa kwa maelezo yake, ni mimi sikusoma.

Na hata 100 ilitosha. Video ya megabiti 2 kwa kompyuta 30 ni 60 tu.

Salio amelipwa. Nauli nimemrudishia. Pole nimemwambia kwa simu, lakini lawama nilitoa mbele ya walimu, so Jumatatu narudi Kitui kusema hapo hapo.

Wewe ushawahi kulaumu fundi bure? Ulimwambia pole?