Kasa wa Kisite

Tuliabiri jahazi Shimoni asubuhi, mimi na wajukuu zangu, tukaelekea Hifadhi ya Bahari ya Kisite. Tulipoipita Wasini, pomboo walituandama wakiruka na kuzama. Penye matumbawe, kasa aliibuka kuvuta pumzi. Mjukuu wangu mdogo akashangilia, na mfuko wa biskuti ukamponyoka, ukapeperushwa baharini.

Nahodha aligeuza chombo, akauopoa. “Kasa huudhani ni konyeza, akaumeza, akafa,” alisema kwa upole.

Niliona haya. Miaka mingi nimesomesha kuwa mwanadamu ni khalifa wa Mwenyezi Mungu ardhini, nami sikumfunza mjukuu wangu kushika taka yake. Wazazi wenzangu, amana hii huanzia mikononi mwa watoto wetu.