Majina Yaliyokwama Ndani ya Amstrad

Ukiiwasha Amstrad PCW 8256 bila kuitia diski, inakuonyesha kioo cha kijani kitupu, basi. Kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ile zilikuwa na lugha yao ndogo ndani ya chipu. Ukiziwasha zilikukaribisha hata kama huna cha kuzipa. Hii ilizaliwa na maelekezo yasiyofika baiti 300, na mafundi walioiunda waliyaweka ndani ya chipu inayoendesha printa ili kubana gharama. Kazi ya maelekezo hayo ni moja: kwenda kwenye diski kuuliza kazi ya leo ni ipi. Diski ya kuanzia isipokuwepo, unabaki na mwanga mezani.

Yetu ilifika Nyabiyonza, wilayani Karagwe, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye ofisi ya mradi wa maji wa kujitolea, nami nilikuwa karani wa ofisi hiyo. Kabla yake nilikuwa na taipureta, karatasi za kaboni na stensili. Aliyewahi kupiga barua kwa nakala nne anaijua adha yake: herufi moja ikikosewa, unaifuta kwenye karatasi zote nne, moja baada ya nyingine, na nakala ya mwisho inabaki na doa. Orodha ya watu mia mbili ukiambiwa imesahau mtu wa kumi na tano, unaipiga upya yote.

Kufika kwa kompyuta kijijini wakati ule halikuwa jambo dogo. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na wengi wetu tulikua tukijua hivyo ni vitu vya nchi nyingine. Septemba 1985 Amstrad, kampuni ya Alan Sugar, ikaanza kuuza PCW nchini Uingereza kwa pauni 399 kabla ya kodi, bei iliyojumuisha kioo, kibodi, printa na programu ya kuandikia. Novemba mwaka huohuo Mzee Mwinyi akaapishwa kuwa Rais, na milango ikaanza kulegea. Huko bei imeshuka hadi mtu wa kawaida anamudu, huku ruksa imeanza kutoka. Mfanyakazi wa kujitolea kutoka Uingereza alikuja nayo ndani ya maboksi yake, akatufundisha, na alipomaliza muda wake akatuachia.

Programu yenyewe iliitwa LocoScript, kazi ya kampuni ya Locomotive Software. Ilikaa upande mmoja wa diski ya kuanzia. Ukiigeuza, upande wa pili ulikuwa na mfumo endeshi wa CP/M, ambao sisi hatukuugusa. Jenereta ikiwaka jioni, unaingiza diski, unasubiri, kisha orodha ya mafaili inajipanga kiooni. Ukibonyeza C unaanza waraka mpya, E unahariri uliopo, P unachapa. Kulikuwa na kitufe cha kujumlisha na cha kutoa, kimoja kila upande wa kitufe kirefu cha nafasi, na kwa hivyo viwili ulichagua karibu kila kitu. Printa ilipiga kelele ofisi nzima, lakini ilichapa ulichoandika bila doa, na mtu wa kumi na tano akisahaulika unamchomeka mahali pake, wengine wanasogea wenyewe.

Mambo mawili ya LocoScript lazima niyaeleze. La kwanza ni M. Hii ilikuwa sehemu ya kumbukumbu ya mashine inayojifanya diski. Ilikuwa na kasi nzuri, ila jenereta ikizimika kila kilichokuwemo kinapotea. Tulifundishwa kuhamishia kazi kwenye diski ya kweli kabla hata ya kuinuka kwenye kiti. La pili ni limbo. Ukifuta faili halikufa papo hapo; lilifichwa kwenye kundi la pembeni, nalo lilibaki kwenye diski mpaka nafasi yake ihitajike kwa kitu kingine. Wakati ule niliona ni mapambo ya wataalamu.

Kazi kubwa ya mashine ile ilikuwa orodha ya wachimbaji. Mtaro wa bomba ulichimbwa kwa mikono, kila kitongoji na kipande chake, na kila jioni msimamizi alileta daftari la waliofika. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama wa makamo, mkulima wa kahawa na migomba kama wenzake, na alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza. "Mwanangu," aliniambia, "aliyeshika jembe ndiye anayeandikwa. Usiniandikie mke wa fulani." Kwa hiyo niliandika majina ya watu wenyewe. Wengi walikuwa wanawake, maana waume zao walikuwa kwenye mnada, kwenye ng'ombe, au kwenye safari za kahawa. Sijui orodha nyingine ya miaka ile, pale kwetu, iliyowataja wanawake wa kijiji kwa majina yao na siku zao za kazi.

Makao makuu ya mradi walitaka kitu kifupi. Ikaja amri kwamba ripoti itaje wakuu wa kaya tu, na kwa kuwa diski zilikuwa ghali, orodha ndefu ifutwe ili nafasi itumike. Kila upande wa diski ulibeba kilobaiti 180 hivi, na ukiwa na diski chache kila waraka unaugombania mwingine. Orodha ndefu ikafutwa. Ile fupi ndiyo iliyochapwa, ndiyo iliyosomwa siku ya kufungua bomba. Mwenyekiti aliisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kula.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka kwa malaki kuingia Ngara na Karagwe, mashirika yalikuja na magari, na ndani ya magari kompyuta za aina nyingine, zenye WordPerfect na diski za inchi tatu na nusu. Ghafla Amstrad yetu ikaonekana kikongwe, ingawa haikuwa na miaka kumi. Mradi ulifungwa, vifaa vikagawanywa. Mashine ilikwenda stoo. Diski za kuanzia na vitabu vya maelezo vilichukuliwa pamoja na mafaili ya hesabu na sikuviona tena. Mimi niliomba kasha la diski za kazi, nikapewa kwa sababu hakuna aliyelitaka. Makaratasi yaliyobaki ofisini yaliliwa na mchwa.

Miaka ikapita. Bomba lilikauka, likatengenezwa, likakauka tena. Mwenyekiti alipougua, nilikwenda kumwamkia, na katika mazungumzo akauliza kama yale majina ya wachimbaji yapo mahali. Hakuwa analaumu, alitaka kujua tu. Nilimjibu kwamba diski ninazo ila cha kuzisomea sina, na hapo ndipo nilipoanza kuitafuta LocoScript.

Bukoba vijana wa maduka ya kompyuta walizigeuzageuza diski zangu kwa mshangao. Walizijua za inchi tatu na nusu. Hizi ni za inchi tatu kamili, nyembamba kwa upana, nene, ganda gumu kama la kaseti. Zilibuniwa Japani na kampuni ya Hitachi na wenzake, na dunia ilipofuata muundo wa Sony, Amstrad karibu peke yake iliendelea nazo. Mwanza waliniambia hivyohivyo. Nilivuka Murongo kwenda Kikagati, nikashika njia ya Mbarara hadi Kampala, na huko fundi mmoja mtu mzima aliitambua mashine kwa jina. Alikuwa ameshazitupa za kwake. Alinieleza jambo moja la maana, kwamba hata nikipata programu, draivu yangu haitazunguka, kwa sababu ndani yake mna mkanda wa mpira, na mpira ule hauvumilii miaka. Niliporudi nikafungua mashine ya stoo. Mkanda ulikuwa umegeuka utomvu mweusi unaonata vidoleni.

Nilianza kuona kwamba nilichopoteza si programu peke yake. Barua ya taipureta ikinusurika na mchwa, mtu yeyote anaisoma kwa macho yake. Barua ya LocoScript inahitaji LocoScript, LocoScript inahitaji mashine, mashine inahitaji draivu, draivu inahitaji mkanda. Kimoja kikikatika, maandishi yapo na hayapo. Walioleta mashine vijijini walihesabu mashine. Diski ya kuanzia na kitabu chake havikuwa kwenye hati yoyote ya makabidhiano niliyoiona. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu naliona linarudiwa. Ofisi inapewa mfumo mpya, wa zamani unazimwa, na hakuna anayeuliza kumbukumbu za miaka iliyopita zitafunguliwa na nini.

Aliyenifungulia njia ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma Uingereza. Alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Ile programu yako ipo. Kuna watu wanaitunza." Nilikuwa nimezunguka Afrika Mashariki nikitafuta kitu ambacho kwao kilikuwa ibada ya wapenzi wa mashine za kale. Wamehifadhi nakala za diski za kuanzia kama mafaili ya kawaida, na mtaalamu aitwaye John Elliott ameandika programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye PCW. Ameiita Joyce, ambalo lilikuwa jina la mradi wa mashine hii ndani ya Amstrad, lililotokana na katibu muhtasi wa Alan Sugar. Ujerumani hata iliuzwa madukani kwa jina hilo.

Programu ikawa imepatikana; zikabaki diski. Mpwa alipokuja likizo aliondoka nazo, kila moja imefungwa kwa kitambaa. Huko alimpata mtu mwenye draivu iliyowekwa mkanda mpya, na kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, ambacho hakijali diski imepangwaje. Kinanasa ishara za sumaku jinsi zilivyo, halafu kompyuta ndiyo inazitafsiri. Zilisomeka karibu zote. Usiku mmoja alinitumia picha kwenye WhatsApp: mwanzo wa kila faili, herufi tatu, J, O, Y. Ndiyo alama ya LocoScript ya kwanza. Nilijua ni zetu.

Ndani yake mlikuwa na barua, mihtasari, mahesabu ya saruji, na ile orodha fupi ya wakuu wa kaya. Nilimwambia atazame limbo. Akauliza limbo ni nini, nikamweleza aifungue LocoScript ndani ya Joyce na aiagize ionyeshe yaliyofichwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunisomea majina ya wanawake. Orodha ndefu ilikuwa imefutwa, lakini diski ile haikuandikwa kitu kingine baada ya hapo. Kitongoji kwa kitongoji, siku kwa siku, kama daftari lilivyokuja. Nikamkatiza, nikaendelea mimi kwa kichwa, na tukapishana majina mawili tu.

Mwenyekiti alikuwa ameshafariki. Orodha niliichapa na kuwapelekea watoto wake kwanza, halafu nikaisoma kwenye mkutano wa kijiji. Haikupokelewa kimyakimya. Mzee mmoja alidai siku za mama yake zimepunjwa, na huenda ni kweli, maana msimamizi wa kipande chao alijulikana kwa uvivu wa kuandika. Wengine walitaka kujua kwa nini ndugu zao hawamo. Wilaya ya Karagwe ilipogawanywa mwaka 2012, baadhi ya familia zilizochimba nasi zilijikuta upande wa Kyerwa, na huko nako nimepeleka nakala. Kila nakala ni ya karatasi, na pamoja nayo flashi yenye maandishi matupu yasiyohitaji programu maalumu, na picha za diski zenyewe pamoja na LocoScript na Joyce.

Diski moja bado haijasomeka. Ina ukungu, na ni ya kitongoji cha juu, ambako mtaro ulipita kwenye mwamba na watu walichimba muda mrefu kuliko wote. Mpwa anasema ganda linaweza kufunguliwa, sahani ya ndani ikasafishwa kwa spiriti na kuhamishiwa kwenye ganda jingine zima. Ameshanunua diski kuukuu ya kutoa hilo ganda.