Nasomea Muziki Chuoni, na Susu Bado Ananishinda

Swali ambalo wanafunzi wa muziki tunaulizwa zaidi ni hili: "Sasa ukimaliza, utaandikwa wapi?" Nimeulizwa na wajomba Kibwezi, nikaulizwa na shangazi Mutomo, hadi makanga wa matatu aliyeona gitaa langu akauliza. Sema unasomea sheria uone kama kuna mtu atakuuliza hivyo. Sema ni muziki, tena kwenye chuo kikubwa cha Nairobi, watu wanacheka kwanza, halafu wanataka kujua karo ni pesa ngapi.

Na si swali baya. Mwaka wa 2022 ukame ulikuwa umemaliza Kitui na Makueni. Nyumbani waliuza ng'ombe wawili kuongezea pesa za HELB, na mnajua ng'ombe aliyekonda huuzwa bei ya kutupa. Kila nikiingia darasani nilikuwa nawaona wale ng'ombe wamekaa kiti cha mbele.

Niseme ukweli, masomo nimeyapenda. Nimejifunza kusoma nota, kuandikia kwaya sauti nne, na kumsikiliza Bach hadi nikaelewa kwa nini anapigwa zaidi ya miaka 270 baada ya kufa. Shida yangu ni moja. Kwenye ratiba yetu, muziki wa Ulaya unaitwa tu "muziki." Wa kwetu unaitwa "muziki wa kiasili," na una saa chache. Gitaa za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers bado zinainua watu vitini kwenye sherehe Wote, na yeye alifariki 1987. Darasani sijawahi kuwekewa hata ukurasa mmoja wa hizo gitaa.

Ndio maana mradi wangu wa mwaka wa tatu niliufanya juu ya kilumi. Kama hujui, kilumi ni ngoma ya Wakamba, na wenyewe ni akina mama, hasa waliokula chumvi. Ilipigwa kuomba mvua na kutuliza mtu aliyepandwa na pepo. Susu wangu, yaani nyanya, anaipiga. Nilivuka Athi nikaenda kwake Mutomo, nikamrekodi kwa simu, nikarudi na kuiandika nota siku kumi na moja. Kisha nikaiweka kwa kompyuta ipige yenyewe, nikampelekea asikie.

Susu alisikiliza yote kwa heshima. Halafu akasema, "Mwanangu, huyu anayepiga ngoma hana mtu wa kumwitikia."

Manze, hakuna mhadhiri amewahi kunisahihisha vizuri hivyo. Nota zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni wale akina mama wengine, wanaoingilia wimbo pale wanapojua wenyewe.

Kuna watakaosema basi tuachane na chuo. Mimi nakataa. Wimbo wetu wa taifa ulitolewa kwa bembelezi ya Wapokomo, na mwaka wa 1963 kamati ya watu watano wanaojua muziki ikaupanga ukawa vile tunauimba. Bila mama wa Tana River anayemlaza mtoto, hakuna wimbo. Bila watu waliosomea, huo wimbo ungebaki palepale kando ya mto. Tunahitaji wote wawili, na wote wawili wapewe saa sawa kwenye ratiba.

Kwa hivyo nitaandikwa wapi? Kwa sasa nafundisha kwaya mbili wikendi, na hizo pesa zinalipa kodi ya chumba. Lakini kazi yenye inanikosesha usingizi haina mwajiri: wanaopiga kilumi na Susu walikuwa tisa, wamebaki wanne. Mwenye miaka michache zaidi ana 61.

Simu unayosomea hii inarekodi sauti. Ukienda ocha Disemba, muombe nyanya yako wimbo mmoja, na usimrekodi peke yake. Ita na wale wa kumwitikia.