Barua kutoka Ughaibuni: Kiangazi cha Kupunguza Kikosi

Lowell, Massachusetts
Oktoba 2025

Mwalimu,

Baridi imeanza kupiga hodi, na msimu mpya wa NBA unaanza mwezi huu. Tulipoongea kwa simu uliniuliza swali ambalo vijana wako wa jioni pale kiwanjani wanakusumbua nalo: imekuwaje Boston Celtics, mabingwa wa 2024, wakavunja kikosi chao wenyewe ndani ya kiangazi kimoja? Swali hilo halijibiki kwa muda wa maongezi wa vocha moja. Nimeona nikuandikie, na wasomaji wa ukurasa huu nao wasikie, kwa sababu linamhusu kila anayeongoza timu, iwe ya Boston, iwe ya mtaa.

Lowell iko kaskazini mwa Boston, mwendo wa treni usiofika saa moja. Wakenya wamejaa hapa, na Kiswahili unakisikia dukani na kanisani. Kila mwezi wa nne sote tunakuwa watu wa marathoni. Mwaka huu Sharon Lokedi na John Korir walishinda mbio za Boston, upande wa wanawake na wa wanaume, na mji ukasherehekea. Baada ya hapo mazungumzo yakahamia kwenye kikapu, na hayajatoka huko hadi leo.

Kisa kinaanzia 12 Mei, New York, ndani ya Madison Square Garden. Ulikuwa mchezo wa nne dhidi ya Knicks, raundi ya pili ya mtoano. Jayson Tatum alikuwa ameshafunga pointi 42 alipoukimbilia mpira uliopotea, akaanguka akiushika mguu wa kulia. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika, jeraha ambalo kwa kawaida hula karibu mwaka mzima wa mchezaji. Siku nne baadaye Celtics walitolewa, michezo 4 kwa 2.

Kwetu, Simba au Yanga wakipoteza mshambuliaji, swali la kwanza ni nani asajiliwe na nani atatoa fedha. Hapa fedha peke yake haifungui mlango. Ligi ina kikomo cha mishahara ya timu nzima. Kilipoanza, msimu wa 1984-85, kilikuwa dola milioni 3.6, na msimu wa 2025-26 ni milioni 154.6. Kikomo hicho kina mwanya: timu inaruhusiwa kukivuka ili imbakize mchezaji wake mwenyewe. Ruhusa hiyo inaitwa haki ya Bird, kwa jina la Larry Bird wa Celtics hawa hawa, na mabingwa wengi wamejengwa kwa kupitia mwanya huo.

Lakini mkataba ambao ligi na chama cha wachezaji waliusaini mwaka 2023 una mistari miwili juu ya kikomo, na ule wa pili, ulio mpya, ndio unaotisha. Msimu wa 2025-26 umewekwa kwenye dola milioni 207.8. Ukiuvuka, huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili ubadilishane na timu nyingine kupata nyota mmoja. Huruhusiwi kuongeza fedha taslimu katika mabadilishano. Nafasi yako ya kuchagua chipukizi katika drafti ya miaka saba mbele inazuiwa, na ukizoea kuishi juu ya mstari huo, nafasi hiyo inasukumwa mkiani mwa raundi ya kwanza. Tajiri anaweza kulipa kodi ya anasa, ambayo ligi huitoza timu yenye mishahara mikubwa, na asiumie sana. Kinachomuuma ni kwamba hata akiwa na fedha, hana la kufanya nazo.

Sasa tazama hesabu za Boston. Tatum alisaini mwaka 2024 mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 314. Ule wa Jaylen Brown wa mwaka 2023 unafikia takriban milioni 285. Ongeza Derrick White, Jrue Holiday na Kristaps Porzingis, kisha ongeza kodi ya anasa inayopanda kadiri unavyozidi kuvuka. Makadirio ya mishahara na kodi kwa msimu huu yalipita dola milioni 500, kwa timu ambayo nyota wake angekuwa anajifunza upya kutembea. Na wakati huohuo klabu ilikuwa ikihamia kwa wamiliki wapya, kundi la Bill Chisholm, kwa thamani ya dola bilioni 6.1.

Brad Stevens, aliyewahi kuifundisha timu hii na sasa ndiye mkuu wa ujenzi wa kikosi, hakungoja dirisha la wachezaji huru lifunguliwe 30 Juni. Wiki moja kabla alikuwa ameshakubaliana na Portland kumtoa Holiday na kumpokea Anfernee Simons. Kwa jicho la shabiki hiyo ni hasara, kwani Holiday alikuwa nguzo ya ulinzi. Lakini Holiday ametimiza miaka 35 na mkataba wake unaweza kufika 2028, ilhali wa Simons unaisha kiangazi kijacho. Stevens alikuwa ananunua muda. Siku iliyofuata akakubaliana kumpeleka Porzingis Atlanta katika mpango wa timu tatu, akapata Georges Niang, ambaye mshahara wake ni mdogo mno kulinganisha. Hata Niang hakukaa. Agosti alipelekwa Utah, na Boston ikatoa nafasi mbili za raundi ya pili ya drafti ili tu mshahara huo uchukuliwe.

Kisha wakaondoka waliokuwa huru. Luke Kornet alikwenda San Antonio kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 41. Al Horford, mwenye miaka 39, amesaini Golden State. Katika miezi michache wachezaji watatu warefu waliolinda kikapu wameondoka, na mzigo wao sasa unamwangukia Neemias Queta, Mreno wa kwanza kucheza NBA, pamoja na waliosajiliwa kwa bei ndogo kama Luka Garza na Chris Boucher. Katika drafti walimchukua kijana wa Kihispania, Hugo González, nafasi ya 28.

Je, walikosea? Mwalimu, mwaka huu ulitupa mtihani mmoja uliofanywa na timu tatu, nadra kuupata. Wachezaji watatu wakubwa walikatika kano ileile katika mtoano uleule, na wote watatu walivaa jezi namba 0: Tatum wa Boston, Damian Lillard wa Milwaukee na Tyrese Haliburton wa Indiana, huyu wa mwisho katika mchezo wa saba wa fainali. Indiana wamemshikilia Haliburton, mwenye miaka 25, lakini wakampoteza Myles Turner, aliyewachezea miaka kumi. Aliyemchukua ni Milwaukee, na ili wapate nafasi ya mshahara wake walimwachia Lillard, wakakubali kumlipa takriban dola milioni 113 alizokuwa bado anawadai kwa kuzigawa katika miaka mitano. Kwa hiyo kila mwaka watabeba zaidi ya milioni 22 za mtu asiyewachezea. Lillard, akiwa huru, akarudi Portland alikoanzia kazi.

Milwaukee wamekopa kesho ili washindane leo. Boston wameiacha leo ipungue ili Tatum, mwenye miaka 27, akipona akute timu yenye mikono huru. Mimi nasimama na Boston. Umri wa nyota ndio unaoamua kalenda ya timu, na mpango unaokwenda kinyume cha kalenda hiyo utavunjika hata ukiwa na fedha nyingi.

Sheria ya kikomo yenyewe ina wema wake. Kuanzia 2019 hadi 2025 ligi imepata mabingwa saba tofauti, na wa mwisho, Oklahoma City, si mji mkubwa. Lakini ina ukatili pia, na sitaki kuuficha. Tatum na Brown hawakununuliwa kwa mtu. Boston iliwachagua katika drafti na kuwalea. Mwenzao Payton Pritchard vilevile. Sheria iliyokusudiwa kumzuia tajiri asikusanye nyota wa wenzake inamwadhibu pia aliyelea wake. Natamani siku moja ligi itofautishe hawa wawili.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hulisahau wanapohesabu mishahara: hawa ni watu. Haki ya mchezaji kuchagua timu haikudondoka kutoka mbinguni. Oscar Robertson aliipeleka ligi mahakamani mwaka 1970, na suluhu ikapatikana 1976. Ilichukua hadi 1988 kwa Tom Chambers kuwa wa kwanza kuhama akiwa huru kabisa, kutoka Seattle kwenda Phoenix. Horford na Kornet walitumia haki hiyo. Holiday na Porzingis hawakuwa nayo, kwa sababu mkataba ukiendelea timu hukuhamisha bila kukuomba ruhusa.

Hilo Watanzania tunalijua kupitia Hasheem Thabeet wetu. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili katika drafti nzima, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na Dar es Salaam nzima ikajivunia. Februari 2011 alihamishwa Houston. Machi 2012 akahamishwa Portland. Ni kiangazi hicho tu, mkataba ulipokwisha, ndipo alipochagua mwenyewe kwenda Oklahoma City. Wengi nyumbani walimhukumu kwa takwimu zake. Wachache walijiuliza kijana mrefu anayehitaji muda anakuaje ikiwa kila mwaka anakabidhiwa kwa kocha mwingine mwenye mpango mwingine. Timu inayomchukua chipukizi bila kupanga miaka yake mitatu ya kwanza haijampanga, imembahatisha.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukizungumza na viongozi wa klabu yako, waombe mambo ambayo hayahitaji dola hata moja. Kila mchezaji aandikwe umri wake na tarehe mkataba wake unapoisha, katika karatasi moja, mbele ya kamati nzima. Uamuzi wa nani abaki ufanywe kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, wakati akili bado imetulia. Kijana asiwekwe kikosini ila awepo kocha aliyekubali kumlea. Na anayeachwa aambiwe na uongozi ana kwa ana, mapema, apate nafasi ya kutafuta timu nyingine. Kuachwa kunauma popote, lakini anayeachwa kwa heshima na kwa wakati bado anaweza kuijenga kesho yake, na waliobaki wakiona hivyo watacheza wakiamini kwamba wanaongozwa na watu wazima.

Vijana wakikuuliza tena, waambie Celtics hawakukimbia ubingwa. Wameamua kuungoja kwa mpango, na wamekubali kulaumiwa katika muda huo wa kungoja. Kiongozi wa timu asiye tayari kubeba lawama ya namna hiyo ampishe mwenzake.



Mwanafunzi wako,
Lowell