Kura 296 zilipozishinda kura 1,143

Wadau, leo nina John Wilkes kichwani. Hakuwa malaika huyu bwana: mpenda anasa, madeni hadi shingoni. Mwaka 1763 gazeti lake, The North Briton, lilipoiponda hotuba ya Mfalme George III katika toleo la 45, alikamatwa.

Mwaka 1768 watu wa Middlesex, jirani na London, wakampa ubunge. Februari 1769 Bunge likamfukuza. Wakamrudisha. Likabatilisha. Wakamrudisha tena, likabatilisha tena! Aprili, upande wa serikali ukamleta Henry Luttrell. Wilkes kura 1,143, Luttrell 296. Bunge likampa kiti Luttrell.

Kinachonigusa ni hao 1,143. Siku hizo kura haikuwa siri (siri ilikuja 1872). Unasimama mbele za watu unamtaja mtu wako, na wakubwa wanasikia. Walijua, na bado walimtaja.

Mwaka 1771 Wilkes, akiwa kiongozi jijini London, aliwakingia kifua wachapaji waliosakwa kwa kuandika mijadala ya Bunge. Wabunge wakachoka kuwasaka. Kwa hiyo sisi tunaokaa na vijidaftari bungeni tuna deni kwa mdaiwa sugu yule.