Hisa Ndogo Iliyowakosesha Watu Usingizi Jijini

JE, msomaji, umewahi kupita barabara ya Kimathi jijini Nairobi ukajiuliza ni karo ya watoto wangapi iliyopotea hapo, na ni ploti ngapi zilizonunuliwa kwa pesa zilizozaliana hapo hapo? Wengi wetu tunaipita kwa haraka tukikimbilia matatu. Leo nakuomba upunguze mwendo. Tutatembea kutoka hoteli ya Stanley hadi Westlands, tukifuata nyayo za hisa moja ndogo ambayo huenda vijana wengi hawakuwahi kuisikia.

Tuanzie Stanley, kwenye pembe ya Kimathi na Kenyatta Avenue. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa 1954, zama za ukoloni, na biashara yenyewe ilifanywa kiungwana. Madalali walikutana hotelini, wakanywa kahawa, wakakubaliana bei kwa mdomo. Mwafrika hakuwa na nafasi katika meza hiyo. Hadi leo hoteli hiyo ina baa inayoitwa Exchange kwa ukumbusho wa siku hizo. Ukiwa na nauli ya ziada mfukoni ingia uitazame, ingawa bei ya soda ya humo ndani yaweza kukurudisha nje mara moja.

Sasa toka, ufuate barabara hiyo hiyo hatua chache hadi jumba la Nation Centre lenye minara miwili ya mviringo. Humo ndimo soko lilimokaa kwa miaka mingi. Tangu 1991 madalali walikuwa wakiuza na kununua kwa kupaza sauti wakiwa wamevaa makoti mekundu, nayo bei ikiandikwa ubaoni. Kelele hizo zilikoma Septemba 2006 kompyuta zilipochukua kazi. Lakini watu hawakuacha kuja. Wazee waliostaafu, makarani wa serikali waliotoroka ofisini saa ya chakula, akina mama wenye biashara mjini, wote walikuja kutazama tarakimu zikibadilika. Mwaka huo huo wa 2006 hisa za KenGen, zilizouzwa kwa umma kwa Sh11.90, zilikuwa zimepanda zaidi ya mara tatu mara tu zilipoingia sokoni. Mji ukapandwa na wazimu. Hata mtu ambaye hakujua dalali ni nani alitaka kuwa na akaunti ya hisa.

Ni katika joto hilo ambapo AccessKenya ilibisha hodi, 2007, mwaka ule ule sanamu ya Dedan Kimathi iliposimamishwa kwenye barabara hii. Ilikuwa kampuni ya huduma za intaneti iliyoanzishwa na ndugu wawili, David na Jonathan Somen, na wateja wake wakubwa walikuwa maofisi. Iliuza hisa kwa umma kwa Sh10 kila moja, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tatu. Soko letu lilikuwa limezoea majani chai, saruji, bia na mabenki. Kampuni ya intaneti ilikuwa kitu kigeni, na kitu kigeni huwa na mvuto wake. Bei ilipanda hadi ikapita mara mbili ya ile ya mwanzo.

Hapa, msomaji, nikujulishe kwa mzee mmoja. Alikuwa rafiki ya marehemu babangu. Alifundisha hesabu katika shule za msingi miaka 34, na sote tunamwita Mwalimu. Ukimtaka, utampata katika mkahawa mdogo kwenye kichochoro kisicho mbali na Nation Centre, akiwa na chai ya maziwa, mandazi mawili na daftari la jalada la bluu. Katika daftari hilo ameandika bei za hisa kwa penseli, siku baada ya siku, tangu alipostaafu.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia juzi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya chai au kwa ajili ya daftari?"

Nilikuja kwa ajili ya daftari. Alifungua kurasa za 2007 na 2008. Aliomba hisa za AccessKenya kwa Sh10 akapewa chache kuliko alizoomba, kama wengine wote. Bei ilipozidi Sh20, badala ya kuuza, aliongeza hisa 1,000 kwa pesa za kiinua mgongo. Nikamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu ilikuwa imepanda," akasema, kisha akacheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani.

Wakati huo, anasema, meza hiyo ya mkahawa ilikuwa na watu sita au saba kila siku. Hawakuwa wakifuatilia soko zima bali hisa hiyo moja tu. Kila mmoja alikuja na habari zake. Huyu amesikia kampuni inatandaza nyaya mpya mjini, yule ana mpwa anayefanya kazi huko Westlands, mwingine ameona kamera ambazo kampuni hiyo iliweka barabarani ili watu watazame msongamano wa magari kwenye intaneti. Kamera zile wengi twazikumbuka, zilitusaidia kuikwepa Uhuru Highway. Lakini kwa wazee hao kila kamera ilikuwa ishara kwamba bei itapanda kesho.

Na bei ilikuwa ikiruka kweli, juu na chini. Sababu yake si uchawi. Safaricom ina hisa bilioni 40. AccessKenya ilikuwa na takriban milioni 200, na sehemu yake nzuri ilishikwa na watu wasiouza ovyo. Hebu fikiria Marikiti asubuhi ambayo vitunguu viko kwa mchuuzi mmoja tu. Ukija na pesa nyingi kutaka magunia kumi, bei itapanda ukiwa bado umesimama hapo. Na mchuuzi akitaka kufunga mapema huku wanunuzi hawapo, atauza kwa hasara. Hisa isiyo na wauzaji na wanunuzi wengi hufanya vivyo hivyo. Sheria za soko letu huweka mpaka wa asilimia 10 kwa siku, kwa hivyo hisa ya Sh20 haiwezi kupita Sh22 wala kushuka chini ya Sh18 siku hiyo. Lakini siku zikifuatana, mpaka huo ni kama ngazi tu. Mtu hushuka polepole, ila anashuka.

Mwaka wa 2008 mambo mengine yalikuja kuwapoza watu. Kampuni ya udalali ya Francis Thuo ilikuwa imekwisha kuanguka 2007, na Nyaga Stockbrokers ikafuata 2008, wateja wakihangaika kujua hisa zao ziko wapi. Juni mwaka huo Safaricom iliingia sokoni kwa Sh5 na watu wakakopa benki ili wanunue. Kufikia 2009 hisa hizo zilikuwa zimeshuka chini ya Sh3 huku mikopo ikidai riba yake kila mwezi.

Kwa AccessKenya, mgeni mkubwa alitokea baharini. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na goigoi, na kampuni iliyojua kuipata na kuiuza kwa maofisi ilikuwa na faida nono. Mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, huu wa pili ukitoka Fujairah huko Falme za Kiarabu. Watu wa meza ya Mwalimu walishangilia. Walidhani intaneti ikija kwa wingi, kampuni ya intaneti itatajirika. Hawakujiuliza itakuwaje bidhaa iliyokuwa adimu ikianza kuuzwa na kila mtu. Safaricom iliingia, na wengine wakaingia, kila mmoja akipunguza bei. Wewe na mimi tulinufaika, maana saa moja ya saiba ilishuka bei, na baadaye intaneti ikahamia kwenye simu zetu. Mwenye hisa ndiye aliyelipia karamu hiyo.

Meza ikaanza kupungua watu. Kwanza aliondoka yule mwenye mpwa. Kufikia 2012 hisa ilikuwa inauzwa chini ya Sh10, bei ile ya mwanzo kabisa. Mwaka huo binti ya Mwalimu alipata nafasi ya chuo kikuu. Mwalimu aliuza zote.

"Hakuna aliyenilazimisha," alisema akigonga ukurasa kwa penseli. "Kampuni haikunikosea. Ilikuwa inafanya kazi yake. Mimi ndiye niliyeweka pesa za karo mahali ambapo sikuwa na uwezo wa kungoja."

Ukurasa unaofuata ni wa 2013. Mwaka huo Dimension Data, kampuni ya Afrika Kusini iliyo mikononi mwa NTT ya Japani, ilijitokeza kununua AccessKenya yote kwa Sh14 kila hisa, na baadaye hisa hiyo ikaondolewa sokoni. Mwalimu aliisoma habari hiyo gazetini akiwa kwenye foleni ya benki, akiwa na stakabadhi ya karo mkononi. Katika daftari hakuandika neno lolote, aliandika tu "14" na kuizungushia duara.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa kuwa tuko na mwalimu. Aliyenunua kwa Sh10 mwaka wa 2007 na kungoja alipata Sh4 juu yake, yaani asilimia 40 kwa miaka sita, ukiacha mgawo wa faida. Ukikumbuka jinsi bei ya unga ilivyopanda miaka hiyo, huyo hakutajirika. Aliyenunua kwa zaidi ya Sh20 alipoteza hata akiwa mvumilivu kama punda. Aliyeogopa 2012 na kuuza, huyo ndiye Mwalimu. Hata hivyo, usiharakishe kusema kwamba dawa ni kungoja. Waliongoja na Safaricom ya Sh5 waliiona ikipita Sh40 mwaka wa 2021, kisha ikarudi chini ya Sh15 kufikia 2023. Yupo aliyengoja akacheka, na yupo aliyengoja akalia, kwa hisa hiyo hiyo.

Twende Westlands sasa. Panda matatu, na ukifika uulize Westlands Road lilipo jumba la The Exchange. Hapa ndipo soko lilipo siku hizi, na jina lake rasmi likawa Nairobi Securities Exchange mwaka wa 2011. Jumba ni la vioo, safi, lenye mlinzi mwenye adabu. Lakini ukija ukitarajia kuona umati na kelele utarudi umenuna. Biashara inafanywa kwa kompyuta kutoka ofisi za madalali na kutoka kwenye simu za watu. Nilisimama nje nusu saa nikaona waendesha bodaboda watatu na mwanamke mmoja aliyekuja kuuliza njia. Sikuona hata mtu mmoja aliyekuwa akitazama bei ya hisa, isipokuwa labda wale walioinamia simu zao, na hao ni vigumu kujua wanatazama nini.

Mmoja wa wanaoinamia simu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mpangaji wa jirani yangu. Hisa za kwetu hazimvutii. Asema sehemu ya mawasiliano na teknolojia imebaki na Safaricom pekee tangu AccessKenya iondoke, na Safaricom "haichangamki." Yeye anafuatilia kampuni ndogo ya kompyuta ya Marekani. Saa kumi na nusu jioni, soko la New York linapofunguliwa majira yao ya joto, hata ukimwita kwa chakula hakusikii. Wakati wa baridi yao hukawia hadi saa kumi na moja na nusu.

Nilimpeleka kwa Mwalimu. Kijana alieleza kwamba huko hakuna mpaka wa asilimia 10, na hisa ndogo yaweza kupoteza nusu ya thamani yake kabla ya chai ya jioni kupoa. Alieleza pia kwamba hisa ikikaa chini ya dola moja kwa siku 30 za kazi mfululizo, soko la Nasdaq huipa kampuni onyo, na kampuni nyingine huunganisha hisa kumi kuwa moja ili bei ionekane kubwa.

"Kwa hivyo mtu aliyekuwa na mia moja anaamka na kumi?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo, Mzee. Lakini thamani ni ile ile."

"Thamani ni ile ile," Mwalimu akarudia, akaandika jambo hilo daftarini. "Na ya kwako, jana ilifanya nini?"

"Ilipanda asilimia 18!"

"Hisa ngapi ziliuzwa?"

Kijana alifungua simu, akatafuta, akafungua ukurasa mwingine. Alikuwa hajawahi kutazama sehemu hiyo. Mwalimu alimsogezea mandazi yaliyobaki na kungoja, penseli mkononi.

"Chache, Mzee," akasema hatimaye. "Chache sana."

"Na pesa ulizoweka ni za nini?"

Kijana hakujibu upesi. Karo ya muhula, niliijua mimi, ilikuwa ilipwe mwisho wa mwezi. Mwalimu alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula, akamwuliza jina la kampuni lile linaandikwaje.