Mvulana Aliyekubali Kwenda Motoni

Samuel Clemens, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Mark Twain, hakuwa mfano mzuri wa muumini. Alilidhihaki kanisa sehemu kubwa ya maisha yake, ingawa rafiki yake wa karibu kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa mchungaji, Joseph Twichell. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akaniuliza kwa nini nimemleta mtu wa namna hiyo katika kitabu cha imani. Nimemleta kwa sababu ya mvulana mmoja aliyemtunga, na mvulana mwingine niliyemwona kwa macho yangu hapa kwetu Mugumu.

Clemens alizaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri, Marekani, akakulia Hannibal, mji mdogo kando ya mto Mississippi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Akajifunza kazi ya uchapaji, kisha akawa rubani wa meli za mvuke. Hata jina lake la uandishi alilitoa mtoni: mabaharia walilitumia kupimia kina, pima mbili za maji, karibu mita tatu na nusu, zinazotosha meli kupita salama. Uzeeni alifilisika, akazunguka dunia akichekesha watu ukumbini mpaka akawalipa wadai wake wote. Katikati ya shughuli hiyo, mwaka 1896, binti yake Susy alifariki. Kabla hajafa mwenyewe mwaka 1910 alikuwa amefiwa na mke na watoto watatu kati ya wanne.

Kitabu chake kuhusu Tom Sawyer kilitoka mwaka 1876, na mwalimu yeyote wa shule ya Jumapili atacheka akikisoma. Watoto wa kanisa la Tom hupewa vitiketi kwa kila mistari ya Biblia waliyoikariri. Anayefikisha mistari elfu mbili hupewa Biblia. Tom hakariri chochote. Anabadilishana vitu vyake na wenzake mpaka anakusanya vitiketi vya kutosha, anaitwa mbele kwa shangwe, halafu mgeni wa heshima anamwomba awataje wanafunzi wawili wa kwanza wa Yesu. Tom anajibu: Daudi na Goliathi. Mimi mwenyewe nagawa peremende kwa mistari, kwa hiyo nacheka kwa tahadhari.

Lakini kitabu kinachonihusu hapa ni kile cha rafiki wa Tom, Huckleberry Finn, kilichotoka London mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885. Huck ni mtoto wa mlevi, amemkimbia baba yake. Anasafiri kwa chelezo na Jim, mtu mzima mweusi, mtumwa aliyetoroka kwa mama mmoja mcha Mungu wa mji ule. Wakiwa mtoni Huck anaanza kusutwa na dhamiri. Amefundishwa kwamba anayemficha mtumwa ni mwizi na mwisho wake ni moto wa milele. Anajaribu kuomba, maneno hayatoki. Anaandika barua ya kumfichua Jim, na mara moja anajiona ametakaswa dhambi zote. Kisha anamkumbuka Jim: jinsi alivyokuwa akishika zamu yake ya usiku ili yeye alale, jinsi alivyomfurahia kila walipopoteana wakaonana tena. Anaichana barua. Anajiambia kwamba basi, kama ni motoni, atakwenda.

Kinachonitisha ni ile faraja ya kuandika barua. Mtoto alijisikia mtakatifu kwa kumuuza rafiki yake, kwa sababu mji mzima, pamoja na mimbari, ulimfundisha hivyo. Twain alieleza baadaye kwamba utotoni hakuwahi kusikia mtu akiulaumu utumwa. Wahubiri wa kwao walisema Mungu ameuridhia. Na Biblia ilikuwamo katika nyumba zao. Ilikuwamo Kumbukumbu la Torati 23:15, Musa anapowakataza Waisraeli kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbilia kwao. Mstari huo walikuwa nao siku zote.

Tena Huck hakutoka hewani. Twain alimchora kutokana na Tom Blankenship, mtoto fukara wa Hannibal. Kaka yake Tom, Bence, mwaka 1847 alimpelekea chakula kwa siri mtumwa aliyejificha kisiwani, ingawa kulikuwa na zawadi ya pesa kwa atakayemtaja. Familia ile haikuheshimika mjini hata kidogo.

Wasomaji wa Tarime na Serengeti hawahitaji kuelezwa Desemba ni mwezi gani, hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Sheria ya 1998 imekataza ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini wazee wa mila wakishatangaza saro, ngoma hulia. Ndiyo maana kuna kituo cha Masanga upande wa Tarime, na Nyumba Salama hapa Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014 na Dayosisi ya Mara ya Kanglikana.

Desemba moja, kabla hakujapambazuka, kijana wa kidato cha pili alifika uwanjani kwa kanisa letu na mdogo wake wa kike. Walikuwa wametoka ng'ambo ya Mto Mara kwa bodaboda, nauli ameipata kwa kuuza kuku. Tulipokuwa tukisubiri kuwapeleka Nyumba Salama, akaniomba kitu nisichokitarajia.

"Mwalimu, niombee. Nimemwibia baba."

Asiye Mkurya huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kwa mila zetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka huolea, na msichana akibaki msagane, wengi hawamhesabii ng'ombe. Kijana yule alikuwa amemtorosha mtu ambaye ndoa yake mwenyewe ilimtegemea. Alijua amri ya kuwaheshimu baba na mama. Aliogopa laana. Nikamuuliza kwa nini basi amefanya. Akasema dada yao mkubwa, baada ya saro, alitembea kwa fimbo mpaka mvua za masika.

Sikumwambia asijali, maana alikuwa anajali, na ilimpasa. Nilimsomea ule mstari wa Kumbukumbu la Torati, nikamsimulia habari za Huck na barua yake. Alisikiliza kwa makini sana.

"Alifika?" akauliza.

"Wapi?"

"Motoni."

Nikamwambia kitabu hakisemi, ila mimi naona hapana. Akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia baadaye kwamba ni hatari kuwafundisha vijana kuishuku dhamiri yao, kila mmoja atafanya apendavyo. Ana haki ya kuogopa. Lakini katika Matendo 10 Petro alikataa mara tatu kwa dhamiri safi kabisa, na aliyekuwa akimwambia ni Mungu. Na tena, Huck na yule kijana hawakufanya walivyopenda. Kila mmoja alifanya kilichomgharimu, kwa ajili ya mtu aliyemjua kwa sura.

Baba yao alikuja Januari. Alikaa na walezi na ofisa wa ustawi wa jamii siku nzima, akatia saini kwamba hatamkeketa, akaondoka na binti. Yuko shuleni. Kijana bado hasemeshwi na baba yake mdogo, na ng'ombe wa mahari yake mpaka leo haijulikani watatoka wapi.